Risasi gani inapiga sawa kwenye mashindano ya bastola? Angalia kitako kwanza, pua baadaye

Wakuu salaam. Nimeona swali la mkuu aliyeko Columbus, anasema kajiunga na klabu, ana bastola ya 9mm, akiwa yadi 10 matundu yanakaa pamoja unaweza kuyafunika na kifuniko cha soda, ila wamemuingiza kwenye yale mashindano ya mkono mmoja ya yadi 50 na karatasi yake inarudi kama imepigwa na mvua ya mawe. Mmoja kamwambia anunue za greni 147 (greni ni kipimo cha uzito wa kile kinachoruka), mwingine kamwambia 115, mwingine kamwambia auze hiyo bastola. Mkuu usiuze kitu. Mimi niko huku huku Ohio na maboksi yangu, huu mchezo nacheza mwaka wa nane sasa, sio bingwa wa chochote ila nimeshachoma hela ya kutosha kwa makosa ya kijinga kwahiyo acha nijibu kwa urefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza tuelewane maneno maana Kiswahili chetu hapa kinachanganya. Kile kitu kizima unachoingiza kwenye magazini ni risasi, kile kinachoruka ni risasi, na madini yenyewe yale ya kwenye betri za gari na chubwi za wavuvi nayo ni risasi. Kwahiyo humu nikisema kichwa ni kile kinachotoka mtutuni, ganda ni kile kikopo cha shaba kinachodondoka miguuni kwako, na madini ni madini.

Sasa hesabu ya yadi 50, kwasababu watu wanabishana kuhusu vichwa bila kujua wanapiga nini. Ile karatasi ya yadi 50 duara la kumi lina upana wa inchi 3.36, la tisa inchi 5.54, la nane inchi 8. Ndani ya kumi kuna duara dogo la katikati kabisa, eksi, la inchi 1.7 hivi. Tuseme bastola ukiifunga kwenye jiwe isitikisike kabisa, risasi zako zinatawanyika inchi 6. Maana yake hata wewe ukiachia pale pale katikati, mkono umetulia, kidole hakijavuta pembeni, risasi inaweza kwenda inchi 3 kutoka katikati na hapo unakula nane. Nane ya bure! Hujakosea chochote. Na ukirudi yadi 10 hizo inchi 6 zinakuwa inchi 1 na kidogo, ndo maana kule unajiona mtaalamu. Yaani yadi 10 inaficha uchafu wote wa risasi.

Kwahiyo ndiyo, kichwa kina maana, tena sana, ila kwa umbali. Ndugu zangu wa mashindano ya kukimbia kimbia ya USPSA na IPSC ambao shabaha nyingi ziko yadi 5 mpaka 20 wakikwambia "risasi yoyote tu" hawakudanganyi, kwao ni kweli.

Haya, kitako. Kila mtu akinunua risasi anaangalia pua, iko duara, iko bapa, ina tundu. Mimi pia. Kumbe cha mwisho kutoka mtutuni ni kitako, na pale kinapotoka gesi ya baruti inakipita kwa kasi pande zote, sasa kama ukingo wa kitako haujanyooka gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine inakisukuma kichwa ubavuni kidogo tu, na hicho kidogo ukikipeleka yadi 50 kinakuwa inchi. Pua ikiwa na kovu dogo haina neno sana. Kitako kikiwa na kovu umekwisha.

Hapo ndo utaelewa kwanini zile za kawaida za boksi la bei poa, zenye pua ya duara na koti zima la shaba, huwa hazipigi vizuri mbali. Koti lake linatengenezwa kama kikombe, mdomo wa kikombe uko nyuma, madini yanaingizwa kwa nyuma halafu kingo zinakunjwa. Kitako kiko wazi, ukigeuza kimoja utaona madini ya kijivu na ule mkunjo wa shaba ambao haulingani kila mahali. Zile zenye tundu puani ni kinyume chake, kikombe kimegeuzwa, madini yameingia kwa mbele, nyuma shaba imefunga bapa kabisa. Watu wanadhani walenga shabaha wananunua zenye tundu kwasababu zinatisha, hapana bana, karatasi haina damu, tunataka kile kitako bapa. Hornady, watengenezaji wa vichwa, wana moja inaitwa HAP, ni umbo lile lile la XTP yao ila koti halina ile mikato ya kusaidia kupanuka, imetengenezwa kwa ajili ya mashindano, na kwenye bastola za .45, zile za mtutu mnene zaidi, utakuta watu wengi wa yadi 50 na kichwa cha kampuni ya Nosler, greni 185, chenye tundu. Sababu ni hiyo hiyo.

Kwa bastola yangu mimi, za boksi za duara greni 115 yadi 50 juu ya mfuko wa mchanga zilinipa kati ya inchi 5 na 7. Nikaweka 115 zenye tundu, inchi 3 na wakati mwingine chini ya hapo. Bastola ile ile, jioni ile ile, mimi yule yule niliyetoka zamu ya usiku.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa. Mwaka wa pili nikanunua mashine ya kujazia risasi mwenyewe nikaiweka gereji, nikaagiza boksi la vichwa elfu moja vya kuchovya kwasababu vilikuwa rahisi. Hivi sio vya koti, ni madini laini yamechovywa ngozi nyembamba ya shaba, kama zile cheni za kuchovya za Kariakoo, ukikwaruza kidogo tu unakutana na ukweli. Mi nikaogopa kichwa kisije kikasogea ndani ya ganda, nikabana mdomo wa ganda kwa nguvu zote nikidhani ndo usalama. Nikaenda renji, yadi 25, naangalia kwenye darubini naona tundu refu la ajabu kama tundu la ufunguo wa kitasa. Nikajua karatasi imechanika. Linalofuata hivyo hivyo. Kumbe kichwa kinafika kimelala ubavu, kinapiga karatasi kwa mbavu zake!

Jirani yangu kwenye laini alikuwa mzee mmoja fundi bomba mstaafu, akachungulia darubini yangu, akacheka mpaka akavua vile vya kuzibia masikio, akaniambia ukifika nyumbani ng'oa kimoja ukiangalie. Nikafika, nikachukua ile nyundo ya kung'olea, nikagonga sakafu mara tatu kichwa kikadondoka kiganjani. Kimezungukwa na mstari kama mtu amekifunga uzi akavuta, na kwenye huo mstari shaba imekatika, weupe wa madini unaonekana. Kwahiyo ndani ya mtutu ile ngozi inachanika na kichwa kinatoka kinayumba. Nikapima mdomo wa ganda kwa venia, 0.370 ya inchi. Nikalegeza mpaka 0.378, yaani unaondoa tu ule upanuzi uliouweka ili kichwa kiingie, basi. Matundu ya ufunguo yakaisha siku hiyo hiyo. Vichwa vilikuwa havina shida, mbaya nilikuwa mimi. Ila hata baada ya kurekebisha, vya kuchovya vyangu havikuwahi kushuka inchi 4 kwa yadi 50, navitumia mazoezi ya karibu tu.

Madini matupu ni habari nyingine na mimi navipenda kwenye .45, greni 200 bega kali, yaani nyuma ya pua kuna ukingo mkali unaozunguka kichwa, lile umbo linakata tundu safi la duara kama mashine ya kutobolea makaratasi ofisini. Faida yake sio mchezo, kwasababu pua ya duara inachana karatasi na msahihishaji anabaki anabishana na wewe, ila bega kali linaonyesha wazi limegusa mstari na ukigusa mstari unapewa alama ya juu. Ila vya madini lazima viwe vinene kidogo kuliko mtutu. Kwa 9mm vya koti ni 0.355, vya madini watu wanaweka 0.356 au 0.357. Kikiwa chembamba gesi inapita pembeni inayeyusha kingo za kitako (tena kitako!), madini yananata kwenye mtutu, na kadri unavyopiga ndo matundu yanatawanyika, risasi kumi za kwanza nzuri, ukifika ya arobaini hata karatasi huigusi. Na soma kitabu cha bastola yako kwanza, Glock kwa mfano wanakataza madini matupu kwenye mitutu yao. Halafu nawa mikono kabla hujala andazi, hayo madini ni sumu.

Yule mzee yeye ana Smith & Wesson Model 52, bastola ya zamani ya .38 inayokula aina moja tu ya risasi, ile ambayo kichwa kimezama chote ndani ya ganda, hakina pua kabisa, juu bapa kama kizibo. Greni 148, na kitako kina shimo ambalo gesi inalipanua kikaziba mtutu chenyewe. Kinaenda polepole mpaka unahisi kama kimechoka njiani. Mzee anakula eksi nacho. Ukitaka ushahidi kwamba pua ni mapambo kwa umbali huu, ndo huo.

Sasa uzito, swali lenyewe la mkuu, 115 au 124 au 147. Mitutu mingi ya 9mm michirizi yake inazungusha kichwa mara moja kwa kila inchi 10 hivi, na huo mzunguko unatosha wote watatu. Kwahiyo uzito wenyewe haufanyi risasi iwe sawa au isiwe sawa, inategemea nani katengeneza na mtutu wako unapenda ipi. Uzito unabadilisha teke. USPSA na IPSC wanakupima kwa greni mara mwendo gawanya elfu, na daraja la chini lazima ufike 125. Kichwa cha 147 kikienda futi 880 kwa sekunde unapata 129, cha 115 inabidi ukipeleke futi 1100 ndo upate 126. Kile kizito kinatumia baruti kidogo, teke lake ni la kusukuma sio la kupiga kofi, ndo maana wakimbiaji wanakipenda. Kwenye mkono mmoja, zile risasi tano kwa sekunde kumi, teke pole linakusaidia kurudi kwenye shabaha. Ila kwenye zile za polepole, risasi kumi kwa dakika kumi, teke sijali, nataka kile kinachokusanyika.

Kupima: nunua boksi moja moja la aina tofauti, sita hivi zinatosha, omba mfuko wa mchanga klabuni, kaa, piga kumi kumi za kila aina kwa yadi 50, kesho yake rudia. Usipige tano ukatangaza mshindi, tano zinadanganya vibaya mno, nimeshawahi kupata tano ndani ya inchi 2 nikapiga simu mpaka Tanga kwa mdogo wangu, tano zilizofuata za boksi lile lile zikaenda inchi 6. Piga risasi chache za kuupasha na kuuzoesha mtutu kila unapobadilisha aina. Na kama ni .22, ambayo ndo theluthi nzima ya haya mashindano ya mkono mmoja yakichezwa kamili kwa alama 2700, usihangaike na zile za kasi, tumia za mwendo wa kawaida kama CCI ya greni 40 ya futi 1070, inabaki chini ya mwendo wa sauti toka mtutuni, na ukipata boksi linalokubali angalia namba ya toleo ununue za namba hiyo hiyo nyingi, maana toleo lingine la jina lile lile linaweza kukukana.

Jambo la mwisho ambalo hakuna aliyelitaja. Ukihamia kichwa kizito cha polepole, risasi itapiga JUU zaidi, sio chini. Mimi nilidhani mtu anatania. Kinachelewa kutoka mtutuni na bastola tayari imeshaanza kuinuka, kwahiyo kinatoka mtutu ukiwa umetazama juu kidogo. Nilienda mechi moja na 147 mpya bila kurekebisha doti (ile nukta nyekundu ya kulengea), nikajiambia nimejaribu nyumbani zinakusanyika, inatosha. Zilikusanyika kweli, rundo zuri kabisa, lote kwenye saba ya juu. Kumi zote. Mzee akaniuliza kama kuna ndege nawinda.

Kwahiyo mkuu wa Columbus ukishapiga hizo aina zako sita weka picha za karatasi humu tuzione, andika umbali na geuza kichwa kimoja cha kila aina upige picha ya nyuma.