WASOMAJI WANAULIZA: Namba zisizolingana vitabuni

Swali: Nina kitabu cha zamani cha ufafanuzi wa Zaburi, cha Kikatoliki. Kinaeleza "Zab. 50:3", lakini nikifungua Biblia ya Union Version nakuta maneno mengine kabisa. Je, kimekosewa chapa?
*Mwalimu wa katekesi, Songea*

Jibu: Hakijakosewa, Mwalimu. Union Version ya 1952 inahesabu Zaburi kwa mpango wa Kiebrania. Kitabu chako kinafuata mpango wa Kigiriki na Kilatini, ambamo Zaburi ya 9 na ya 10 ni moja. Kuanzia hapo namba zake ziko nyuma kwa moja: "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 katika Biblia yako, ya 22 katika kitabu hicho. Basi ongeza moja kutoka 10 yake hadi 112, kisha tena kutoka 116 hadi 145. Katikati ndipo watu hupotea. Zaburi yake ya 113 ni 114 na 115 zako zikiwa pamoja. 114 na 115 zake ni 116 yako iliyokatwa baada ya aya ya 9. Vivyo hivyo, 146 na 147 zake ni 147 yako iliyokatwa baada ya aya ya 11. Tatu za mwisho zinalingana.

Bado kuna aya. Kichwa kama "Kwa mwimbishaji" hakina namba katika Union Version, lakini katika kitabu chako kikiwa kirefu huhesabiwa. Kichwa cha Zaburi ya 51 kinameza aya mbili nzima, kwa hiyo 50:3 yake ni 51:1 yako, "Ee Mungu, unirehemu". Usipunguze kwa mazoea, lakini: kichwa kifupi kama cha Zaburi ya 23 kimo ndani ya aya ya kwanza, nacho hakisogezi kitu.

Swali: Darsani kwetu mwenzetu mmoja ana tafsiri ya Qurani ambayo namba za aya huzidi zetu kwa moja. Ayatul Kursiyyu kwetu ni 2:255, kwake ni 2:256. Tufuate ipi?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Jibu: Tazameni ukurasa wa jina la mfasiri. Tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad, iliyotolewa na Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953, huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura inayoanza nayo. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka nzima Nairobi mwaka 1969, inafuata hesabu ya mji wa Kufa, Iraki, yenye aya 6,236. Al-Fatiha inalingana, kwani wote wanaihesabu Bismillahi yake. At-Tawba nayo haina Bismillahi. Katika sura 112 zilizobaki, toeni moja. (Tofauti za maelezo ya chini ya ukurasa ni kubwa kuliko hizi za namba, na al-Farsy hakuficha kwamba alikuwa akiijibu tafsiri ya Ahmadiyya. Lakini hiyo ni mada nyingine.)

Swali: Vitabu vya historia ya bahari vinamnukuu Ahmad ibn Majid, rubani Mwarabu wa kale, akisema chombo kiondoke siku ya kadhaa ya Nairuzi (mwaka mpya wa Kiajemi), na bandari iko "isba" kadhaa za Jaa, nyota ya kaskazini. Nimejaribu kufuata kwa ramani na kalenda, msimu wenyewe haukubali.
*Nahodha wa jahazi, Lamu*

Jibu: Nahodha, bila shaka ulianza kuhesabu Julai, kwa sababu Nairuzi tunayoijua sasa, ile ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, huangukia mwezi huo. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kavu, hauna siku ya ziada, kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ibn Majid aliandika mwishoni mwa karne ya 15, na wakati huo Nairuzi iliangukia katikati ya Novemba kwa kalenda ya Ulaya ya zama zile. Ongeza siku 9 upate tarehe ya msimu kwa kalenda yetu: takriban Novemba 23. Sasa pima. Siku ya 100 ukianzia hapo ni mwanzoni mwa Machi, kaskazi bado ipo. Ukianzia katikati ya Julai unatua mwishoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika. Ndiyo maana msimu ulikugomea.

Isba ni kidole, upana wake ukinyoosha mkono kuelekea upeo wa macho. Mabaharia waliugawa mzunguko wa mbingu isba 224, kwa hiyo isba moja ni kama digrii 1 na dakika 36, yaani maili 96 za baharini kwenda kaskazini au kusini. Kuupandisha Jaa kwa isba moja ni zam 8, na zam ni saa tatu. Ndilo neno letu zamu. Gawanya: maili 12 kwa kila zam, mwendo wa noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), ambao chombo cha tanga kinauweza.

Usichukue isba za Jaa kuwa latitudo moja kwa moja. Nyota ile ilikuwa mbali na ncha ya kaskazini kwa zaidi ya digrii 3, na urefu wake ulibadilika usiku kucha, hivyo walikuwa na masahihisho kwa kila wakati. Kusini ya Lamu inazama, ndipo wakapima kwa Farqadani (nyota mbili za Dubu Mdogo) na Na'ashi (nyota za Dubu Mkubwa). Kitabu kisichotaja ni nyota gani iliyopimwa hakikusaidii kitu.

Na ukikuta kimeandikwa kwa yakini kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, kitilie shaka. Waandishi wa Kireno wanamtaja rubani wa Gujarati. Jina la Ibn Majid linatokana na mwanahistoria an-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo kadhaa baadaye.

Swali: Mwishoni mwa kitabu cha marehemu babu kumeandikwa mwaka 1311. Ni mwaka gani wetu?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622: unapata 1893 na ushei. Mwaka 1311 Hijria ulianza Julai 1893 ukaisha Julai iliyofuata, kwa hiyo kama mwezi haukutajwa, andika 1893/94. Kabla ya hapo, hakikisha umesoma tarakimu sawasawa. Katika maandishi ya Kiarabu sifuri ni nukta, na tano ni kiduara. Wengi huisoma tano kuwa sifuri, na 1355 ikageuka 1300, tofauti ya zaidi ya miaka hamsini.