Spika ya Bluetooth kuifanya sabufa: mbona besi inachelewa?

Ndugu, nimekuelewa: umeigeuza spika ya Bluetooth kuwa sabufa ya stirio yako, na sasa kila ngoma inalia "du-duum", kama wapigaji wawili wasioelewana. Masikio yako hayana kosa. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 150 hivi, pengine zaidi, na kwa muda huo sauti husafiri hewani kama mita 50. Yaani wewe umekaa golini, sabufa iko katikati ya uwanja! Kuisogeza karibu hakutasaidia.

Tumia waya: toka SUB OUT ya amplifaya (tundu la kutolea sauti ya sabufa), ingia AUX ya spika (tundu la kuingizia sauti kwa waya). Kichujio kinachopitisha besi tu kikiwepo, kiweke 80 Hz, halafu pandisha sauti kidogo kidogo. Yangu ilitulia hivyo, ila ilikuwa ikijizima yenyewe nyimbo zikiwa za taratibu. Kero kweli.

Usithubutu kuchomeka kwenye AUX zile nyaya za amplifaya zinazokwenda kwenye spika kubwa, utaiunguza. Kama amplifaya haina SUB OUT wala PRE OUT (tundu la kutolea sauti kabla haijakuzwa), muone fundi kwanza. Na spika yenye ukubwa wa chupa ya maji usiidai itikise kifua.