Deni na Kazi ya Serikali: Safisha Rekodi Kabla Tangazo Halijatoka

Kuwa na deni hakukunyimi kazi ya serikali hapa Kenya. Naanza na hilo kwa sababu bado nakutana na vijana wenye shahada nzuri ambao hawatumi maombi kabisa, wakiamini kuwa mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) waliosomea umeshawafungia mlango. Kinachowaponza watu ni deni lililotelekezwa: halilipwi, halizungumzwi, na mwenyewe hapokei simu.

Nimefanya kazi katika idara ya wafanyakazi ya kaunti, na faili nyingi za walioteuliwa zimepita mezani kwangu. Huwa tunataka cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), idhini ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), cheti cha kodi cha KRA (mamlaka ya mapato), cheti cha HELB na ripoti ya CRB (kampuni zinazotunza rekodi za ulipaji wa mikopo). Hizo tatu za mwisho zote zinahusu pesa unazodaiwa. Msingi wake ni Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na uadilifu, lakini hata kabla yake, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kupuuza madeni yake. Kwa wanaowania ubunge, kizuizi ni kikali zaidi: aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika, na bado hajaondolewa katika hali hiyo, hawezi kuchaguliwa.

Wako wanaosema huu ni ukatili, kwamba maskini ananyimwa kazi ambayo ingemlipia deni. Kwa sehemu nakubaliana nao, na nilifurahi sheria ya ajira iliporekebishwa 2022 ili mwajiri asiitishe vyeti hivi mpaka awe na nia ya kukuajiri. Lakini ofisi ya ununuzi naijua pia. Afisa anayeidhinisha malipo ya wakandarasi huku anadaiwa kila kona hujulikana haraka, na mwenye bahasha humfuata yeye kwanza.

Kwa HELB, usingoje upate kazi. Faini ya shilingi 5,000 kila mwezi hula zaidi ya riba yenyewe, ambayo ni asilimia 4 kwa mwaka. Waandikie, pendekeza kiasi unachoweza, uanze kulipa. Anayeendelea kulipa hupewa cheti hata kama salio bado ni kubwa.

CRB ndiyo inayohitaji macho zaidi. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, basi iombe. Mimi nilipoiomba yangu nilikuta mkopo wa simu niliokwisha kuumaliza bado unasomeka kama haujalipwa. Mkopeshaji hakuwa amepeleka taarifa. Nilichapisha ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwisho, nikaambatisha taarifa ya akaunti na barua ya malalamiko kwa kampuni ya CRB, nakala kwa mkopeshaji. Walirekebisha, ila baada ya wiki kadhaa. Ukishashika barua ya uteuzi, wiki hizo huna. Na kwa kuwa kampuni zenye leseni ni zaidi ya moja, hakikisha jina lako limesafishwa kwa zote.

Kagua pia uliowadhamini kwenye sacco. Binamu akiacha kulipa, deni linakuwa lako, na mara nyingi mdhamini hujua akiba yake ikishakatwa.

Ukiulizwa kwenye mahojiano, taja kiasi unachodaiwa bila kuzungukazunguka, toa makubaliano ya malipo na risiti ya mwezi uliopita. Nimeona wengi waliofanya hivyo wakiajiriwa. Anayedanganya kwenye fomu ya EACC hujiletea balaa jingine kabisa: fomu ile ni tamko la kisheria, na kutoa habari za uongo ndani yake ni kosa la jinai, hata kama deni lenyewe lilikuwa dogo.