Ruta yako si mbovu, huenda vyumba vimejaa

Wiki mbili nzima nililaumu bure kampuni ya intaneti. Nina steshenari ndogo Moshi, jirani na stendi: kompyuta tano, printa moja, na Wi-Fi kwa wateja wanaosubiri basi. Asubuhi mambo safi. Ikifika saa nane mchana, simu ya mteja mpya inazunguka kwenye "inapata anwani ya IP" (namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao) kisha inakata, huku walioingia mapema wanaperuzi bila shida. Nazima ruta, kile kiboksi kinachogawa intaneti, nawasha, inakubali. Kesho yake yale yale.

Siku moja mchana nikaunganisha laptopu yangu, nikaandika ipconfig, amri ya Windows inayoonyesha anwani ya kompyuta. Anwani ikaanza na 169.254. Hiyo haikutoka kwenye ruta: laptopu iliomba, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Ukiona namba hiyo, usipigie kampuni simu kwanza.

Ruta ni kama mtu wa mapokezi gesti. Kifaa kinaingia na kuuliza mtandao mzima, nani anagawa anwani hapa? Ruta inajibu, ipo hii. Kifaa kinasema, naichukua. Ruta inaandika daftarini na kuthibitisha. Mafundi wanaita DHCP. Ila chumba, yaani anwani, hakiuzwi, kinapangishwa kwa muda, na anayekimbilia basi la Dar harudishi ufunguo. Ruta yangu ilikuwa na vyumba 50 tu, kuanzia 192.168.1.100 hadi 149, kila kimoja kwa saa 24. Simu za wateja wa jana zilishafika Dar, vyumba bado vina majina yao! Kuzima ruta kulikuwa kunafuta daftari, ndiyo maana ile "zima, washa" ya mafundi wetu ilinidanganya muda wote huo.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikapanua safu ya anwani iwe 192.168.1.20 hadi 250, na muda nikaushusha hadi saa mbili. Aliyekaa hasumbuki, kwa kuwa kifaa huomba kuongezewa muda pale muda wake unapofika nusu. Kwenye ofisi yenye watu wale wale kila siku, saa 24 hazina ubaya. Acha kama zilivyo.

Printa nimeipa anwani ya kudumu nje ya safu, 192.168.1.10. Zamani ilikuwa ikihama anwani kila umeme ukikatika, na kijana wangu wa kaunta anabonyeza "chapisha" mara sita, karatasi haitoki hata moja.