Aina za wachezaji mtandaoni: mgawanyo wa Bartle

Kwa aliyeuliza mitindo ya wachezaji wa gemu za mtandaoni inaitwaje: anza na mgawanyo wa mbunifu wa gemu Richard Bartle wa 1996, alioufananisha na alama nne za karata. Uru ni wasaka mafanikio: pointi, levo, hazina. Shupaza ni wapelelezi, wanaochimbua ramani na kanuni hadi kasoro za gemu yenyewe. Kopa huingia kwa ajili ya watu na soga. Pau hufurahia kuwaandama wenzao, na hawa ndio wa kuangaliwa sana: wakizidi, kopa huhama, kisha pau wenyewe hukosa wa kumwandama.

Usichanganye mtindo na nafasi kwenye timu. Mganga, yaani mchezaji anayeponya wenzake kwenye timu, anaweza kuwa kopa, au uru anayehesabu takwimu zake tu. Kujua mtindo wako, jiulize ungeendelea kufanya nini kama zawadi zote zingeondolewa. Ukifanya jaribio la Bartle, yaani maswali ya kupima uko kundi gani, jumla ya makundi yote manne ni asilimia 200 na hakuna kundi linalovuka 100, kwa hiyo kupata 80 na 67 pamoja si hitilafu.

Mgawanyo huu ulitokana na gemu za maandishi za MUD, ambamo watu wengi hucheza pamoja mtandaoni. Kwenye gemu za risasi, ambako kuuana ndiyo kanuni, kuua pekee hakumfanyi mtu pau.