Maharage yaliyokataa kuiva

Mhariri, wiki hii mmetuuliza iwapo kaya zenye kipato kidogo zisaidiwe kwa fedha taslimu au kwa vyakula vyenye lishe. Nilikwisha kujibu "fedha" moyoni kabla sijafika mwisho wa swali, lakini naona kuna jambo la kuulizwa mapema zaidi: chakula hicho kitapikwa kwa nishati gani, na nani mwenye muda wa kukipika?

Nilikuwa na miaka 10 mama alipopokea kifurushi cha unga, chumvi na maharage mekundu makavu. Aliyekigawa alimweleza kwa upole kwamba maharage yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi, na hakukosea. Mama alirudi kazini jioni akayabandika bila kuyaloweka, kwani kuyaloweka kungetaka usiku mzima na sisi tulikuwa na njaa wakati ule. Kila mara alichota punje moja kwa mwiko, akaiminya kwa vidole viwili. Ganda lilivuka, kiini kikabaki kigumu. Akaongeza maji, akafunika, akaminya tena. Kisha mwali wa jiko ukafifia, ukazimika: gesi ilikuwa imekwisha. Tulimsihi atupakulie hivyohivyo, akakataa katakata, na leo najua alikuwa sahihi, maana maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayomtapisha mtu vibaya. Tulilala na njaa huku sufuria imejaa. Kesho yake alimpa jirani maharage yaliyosalia, akapewa mboga za majani na gesi kidogo. Habari zikafika kwa wagawaji, naye akafutwa kwenye orodha kwa madai kwamba anauza msaada.

Hapo ndipo hoja yangu ya fedha ilipozaliwa. Hata hivyo, ninapoandika nakumbuka kwamba baadaye mama alipata msaada wa fedha, na sehemu kubwa ilichukuliwa na mwenye nyumba siku ileile. Maharage hakuna aliyewahi kuyadai kama kodi.

Kwa hiyo nachagua chakula, ingawa sina hakika kama jibu hili linamfaa asiyedaiwa. Kifurushi kikavu pekee hakitoshi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na hizo hazikai guniani. Iongezwe vocha ya mboga na matunda, pamoja na fedha kidogo za nishati, na mama anayebadilishana na jirani ili watoto wake wale asifutwe jina.