Maswali ya Wasomaji: Kufunga Muhula wa Ulaya Kabla ya Kupanda Ndege

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka mikoa ya kusini, moja ya Masasi, moja ya Lindi mjini na moja ya Mikindani, na zote zinahusu wanafunzi waliokwenda Ulaya kwa muhula mmoja kisha warudi kumalizia shahada zao nyumbani. Tumezifupisha, na majina ya wenyewe tumeyahifadhi.

*Ndugu mshauri, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Masasi, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Tangu Oktoba niko Ujerumani kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na viza yangu inakwisha tarehe 31 Machi. Kozi mbili nilizokubaliana na idara yangu kabla ya kuondoka nilikuta zinafundishwa kwa Kijerumani, hivyo nikachukua nyingine mbili baada ya mhadhiri wa hapa kuniruhusu kwa mdomo. Matokeo mawili yaliyokwisha kutoka ni 1.7 na 2.3, na rafiki yangu aliyeko nyumbani anasema kwa alama hizo nimedisko, yaani nimefeli hadi kuondolewa chuoni. Naomba kujua ni mambo gani niyamalize kabla ya kuondoka, na kama ninaweza kupitia Uswisi kwa siku chache.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na rafiki yako, kwa kuwa amekutia hofu bure. Ujerumani alama hupangwa kinyume na zetu: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya chini inayoruhusu kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Alama zako zote mbili zinaangukia daraja ambalo Wajerumani huliita zuri, yaani kati ya 1.6 na 2.5. Hata hivyo, kosa la rafiki yako linaweza kufanywa pia na karani wa ofisi ya mitihani ambaye amezoea mfumo wetu wa GPA, ambamo A huhesabiwa 5 na daraja la kwanza huanzia 4.4. Karani huyo akiiona 1.7 imekaa peke yake kwenye karatasi, asilaumiwe akiidhania vibaya. Kwa hiyo, kabla hujaondoka, omba hati yako ya matokeo iambatane na maelezo ya mfumo wa alama wa chuo hicho, pamoja na jedwali linaloonyesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi hupata kila alama. Vyuo vilivyomo katika Erasmus+ vinatakiwa kuwa na taarifa hizo. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kuziomba.

Jambo zito katika barua yako ni zile kozi mbili ulizobadilisha. Makubaliano ya Masomo uliyoyasaini kabla ya safari yana pande tatu, yaani wewe, chuo chako na chuo kilichokupokea, na ndiyo yanayokibana chuo chako kuzitambua kozi ulizofaulu huko. Mabadiliko yoyote yana sehemu yake ndani ya hati hiyohiyo, nayo pia husainiwa na pande zote tatu. Ruhusa ya mdomo ya mhadhiri wa huko inakuruhusu kukaa darasani kwake na kufanya mtihani wake, lakini haimlazimishi mtu yeyote wa Dar es Salaam. Ukirudi na kozi ambazo idara yako haikuzikubali, unaweza kuwa umezifaulu vizuri na bado ukatakiwa kuzisoma upya zile mbili ulizoziacha, mwaka unaofuata, pamoja na wadogo zako.

Mwandikie barua pepe mratibu wa idara yako leo. Usimweleze tu kwamba umebadilisha kozi. Mwambie kozi ipi ya huko unaomba ichukue nafasi ya kozi ipi ya nyumbani, na uambatanishe muhtasari kamili wa kozi hiyo mpya wenye mada zake, saa za kufundishwa, namna ya kutahiniwa na idadi ya krediti. Mkuu wa idara hulinganisha yaliyomo, wala haangalii jina. Kozi mbili zinaweza kuwa na jina moja na zisifanane hata nusu, na nyingine zikatofautiana jina ilhali ni zilezile. Mihutasari hiyo ipakue na kuihifadhi sasa, maana akaunti yako ya mwanafunzi itafungwa muda mfupi baada ya muhula kwisha na hutaweza tena kuingia. Ukishapata jibu la kukubaliwa, hakikisha fomu ya mabadiliko imesainiwa na pande zote. Saini za kwenye kompyuta hukubaliwa, kwa hiyo umbali si kisingizio kwa yeyote kati yenu.

Hapohapo ulizia hesabu ya krediti. Huko muhula mmoja kwa kawaida ni krediti 30 za mfumo wa ECTS na mwaka ni 60, wakati mfumo wetu unahesabu krediti 120 kwa mwaka, kwa hiyo krediti moja ya Ulaya huwa sawa na mbili za kwetu. Anayehesabu kwa saa hupata jibu jingine, kwa kuwa krediti ya ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi na ya kwetu ni saa 10. Ni heri idara yako ikuandikie mapema inatumia hesabu ipi, kuliko kuanza mabishano hayo ukiwa umesimama kwenye foleni ya usajili.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba matokeo ya nje lazima yapelekwe TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tume ile hutathmini tuzo zilizotolewa na vyuo vikuu vya nje, kama vile shahada. Muhula mmoja si tuzo, na kuutambua ni kazi ya chuo chako mwenyewe. Jambo la kuulizia chuoni ni tarehe ya kikao cha Seneti kitakachopitisha matokeo ya muhula huo. Hati yako ikichelewa kikao hicho, matokeo yako yanaweza kuandikwa kuwa hayajakamilika hadi kikao kingine, na ikiwa unasoma kwa mkopo wa HESLB unajua mwenyewe usumbufu unaotokana na jina kukosa matokeo. Taratibu za Erasmus+ zinakitaka chuo kilichokupokea kitume hati ya matokeo kwa kawaida ndani ya wiki tano baada ya matokeo kutangazwa. Wape anwani sahihi ya ofisi ya chuo chako na ya kwako pia, ya barua pepe isiyo ya chuo cha huko.

Karatasi nyingine ya kuondoka nayo mkononi ni cheti cha kuthibitisha tarehe ulizoanza na kumaliza masomo, chenye saini na mhuri wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa. Fedha zako za kujikimu zimekokotolewa kwa siku, na anayerudi mapema kuliko mkataba wake unavyosema anaweza kudaiwa kurejesha sehemu. Cheti hicho hutolewa mwishoni, si Januari, kwa hiyo weka miadi ya siku zako za mwisho na uangalie isiangukie sikukuu. Utatumiwa pia kwa barua pepe fomu ya taarifa ya mshiriki. Ijaze, kwa sababu awamu ya mwisho ya malipo mara nyingi huisubiri.

Kwa upande wa serikali ya huko, ulipofika ulijiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ya mji, na unapoondoka nchini unatakiwa kujiondoa. Wao huita jambo hili Abmeldung, halitozwi ada, na hufanywa kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada ya kuhama. Itunze vizuri karatasi utakayopewa. Ndiyo utakayoonyesha unapositisha mkataba wa simu, bima ya afya, na ile ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi, ambayo hutozwa kwa kila nyumba hata kama wenyeji wake hawana televisheni. Ada hiyo haijifuti kwa sababu umejiondoa mjini. Lazima uwaandikie wenyewe, vinginevyo madai yataendelea kujikusanya katika anwani ambayo huishi tena, na yatakusubiri siku utakayorudi kusoma shahada ya uzamili.

Uswisi unaweza kwenda. Haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, na viza yako ya taifa ya Ujerumani inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za eneo hilo hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, maadamu viza yenyewe bado ni hai. Uingereza na Ireland hazimo, usijaribu. Hakikisha bima yako inafanya kazi nje ya Ujerumani, kwa kuwa hospitali za Uswisi ni ghali mno. Kisha kumbuka kwamba ukaguzi wa kutoka haufanywi pale unapopandia ndege ya kwanza, bali kwenye uwanja wa mwisho ndani ya Schengen. Ukipanda Zürich tarehe 31 usiku ili ubadilishe ndege Amsterdam, utafika mbele ya afisa wa mpaka tarehe 1 Aprili ukiwa na viza iliyokwisha. Kata tiketi ya siku chache kabla. Muhula wa pili nyumbani huenda utakuwa umekwisha kuanza, nayo hiyo ni sababu nyingine ya kutosubiri siku ya mwisho.

*Ndugu mshauri, habari za kazi. Binti yangu anasoma Berlin kwa muhula mmoja. Alituambia masomo yanakwisha katikati ya Februari, lakini sasa anasema atabaki hadi mwisho wa Machi kwa sababu ana kazi za kuandika. Baba yake anaona anatafuta sababu ya kutorudi Lindi. Naomba ukweli.*

Njema, mama, na poleni kwa wasiwasi. Maelezo ya binti yenu yanalingana na utaratibu wa huko. Muhula wa baridi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kwisha tarehe 31 Machi, lakini vipindi vya darasani huanza katikati ya Oktoba na kumalizika karibu na katikati ya Februari. Muda unaobaki si likizo kwa maana tunayoijua sisi. Ndio wakati wa mitihani na wa kuandika zile insha ndefu za kozi, za kurasa kumi na tano au zaidi, ambazo kwa masomo ya sanaa na sayansi ya jamii mara nyingi ndizo zinazotoa alama nzima ya kozi. Mwanafunzi anayepanda ndege siku kipindi cha mwisho kinapomalizika anaweza kurudi na muhula wa kuhudhuria tu, bila krediti hata moja.

Mnaweza kumwomba, kwa upole, awatumie tarehe za kukabidhi insha zake na picha ya ukurasa wa viza au kibali chake cha ukaazi. Si kwa kumshuku. Mzazi anayelipia chumba ana haki ya kujua kinakwisha lini. Mwulizeni pia kama insha zinaweza kutumwa kwa barua pepe. Zikiwezekana, anaweza kuzimalizia Lindi, ingawa nitasema wazi kwamba mwanafunzi anayerudi nyumbani akidai ataandika akiwa kwa mama yake kwa kawaida haandiki, na maktaba aliyoiacha Berlin hataipata hapa.

Mwambieni baba yake kwamba kuna wenyeji wa Lindi waliokwenda Berlin wakakaa moja kwa moja: ni mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini kwenu, na mmoja wao leo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la mji huo akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mjadala wa kuirejesha mifupa hiyo ni mrefu. Wa binti yenu unakwisha Machi.

Akifika Dar es Salaam, mwacheni alale usiku mmoja kabla ya kupanda basi la Lindi. Kilomita takriban 450 baada ya safari ya usiku kwa ndege si za kulazimisha, na masika yakikaribia barabara ya Kibiti hadi Lindi mnaijua wenyewe tangu mafuriko ya mwaka 2024 yalipoikata eneo la Somanga.

*Ndugu mshauri, nilirejea Mikindani mwezi Agosti baada ya muhula mmoja Ujerumani. Amana ya chumba cha hosteli hadi leo sijarudishiwa, na akaunti yangu ya benki ya huko niliifunga siku ya kuondoka. Je, nihesabu zimepotea?*

Hazijapotea, kijana wangu. Hosteli za wanafunzi kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kurudisha amana, na mwenye nyumba wa kawaida anaruhusiwa kuzuia sehemu kwa muda ili kusubiri hesabu ya maji na joto la nyumba. Akaunti ndiyo iliyofungwa mapema mno. Yaelekea fedha zilitumwa zikarudi zilikotoka. Waandikie ukitaja namba ya mkataba na ya chumba, tarehe uliyokabidhi ufunguo, na uambatanishe hati ya makabidhiano iliyosainiwa siku hiyo pamoja na picha za chumba ulizopiga. Waombe mchanganuo wa maandishi wa makato yoyote waliyofanya. Wape akaunti yako ya hapa kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na namba ya SWIFT ya benki, ukijua kwamba ada ya kutuma nje ya Ulaya itakatwa humohumo. Ikiwa una mwenzako unayemwamini ambaye bado anasoma huko, kumwandikia idhini yenye saini ili fedha ziingie kwenye akaunti yake ni nafuu zaidi. Wasipojibu, andikia ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo ulichokuwapo. Vyuo vingi vya Ujerumani huwa na ushauri wa sheria wa bure kwa wanafunzi, na barua moja kutoka ofisi hizo hujibiwa haraka kuliko tano za kwako.